Maulizo kila mwaka, majibu yanaenda wapi?



Sisi vijana wenye diplome na bila kazi, ile kazi ya siku chache tunaijua: shirika linatupatia tablete na maulizo mengi, linatutuma Fizi, kwa wakimbizi wa Burundi wenye wako Lusenda, Mulongwe na katika vijiji vya pembeni.

Watu hawa walianza kuvuka mupaka mwaka 2015, wakati wa fujo ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza. Kuna wenye walikimbia ju walihesabiwa kuwa wapinzani. Leo mutu asiyemujua anakuja kumuuliza: jina lako nani, ulitoka mulima gani, ulivuka na nani? Akinyamaza, tablete inataka tuandike "amekataa kujibu." Hakukataa. Anaogopa, na iko na sababu.

Tena kuna luga. Maulizo yanaandikwa kwa Kifaransa, tunayageuza kwa Kiswahili palepale, na mama mwenye anasikia Kirundi tu anajibu kupitia mutoto wake. Mambo yenye yalimupata njiani, atayasema mbele ya mutoto? Mchana wanawake wengi wako wanalima mashamba ya wenyeji ili wapate chakula. Jioni, wakirudia, gari letu limeshaondoka. Ripoti inajaa sauti za wanaume.

Na njaa nayo inajibu. Mutu anajiuliza: nikisema nakula mara mbili, posho itakatwa? Nikilalamika, jina langu litatoka kwa liste? Mwenyeji wa pale naye anatuambia: na sisi, njaa yetu hamuiandike?

Hatuseme utafiti uachwe. Bila huo, mukimbizi mwenye anaishi kijijini, nje ya kambi, anasahaulika kabisa. Lakini tunadai hivi:

- Maulizo yatayarishwe kwa Kirundi na Kiswahili, pamoja na wakimbizi wenyewe.
- Mutu aelezwe wazi, mbele ya kujibu, kama jibu lake linagusa posho ao hapana.
- Majina yasiandikwe kama hayana lazima.
- Matokeo yarudishwe kambini na kijijini, yasomwe kwa sauti, watu wayakosoe.

Wewe mwenye utaitwa kesho kwenda kuuliza, uliza kwanza: majibu yatarudi kwao lini? Wakikosa tarehe ya kukupa, uwaambie watu ukweli huo mbele hawajafungua kinywa.