WANAMUITA MGUMBA, HAKUNA ALIYEULIZA ALIOGA MAJI GANI

Wiki nzima mjini habari ni moja. Mwigizaji mmoja wa kike, jina kapuni, alitupia picha akiwa kwenye beibi shawa ya shosti wake, kaweka mkono kwenye tumbo la mwenzie, anacheka. Dakika kumi hazikupita, komenti zikaanza kumwagika. "Wa kwako lini?" "Atazaa na nini, kizazi si alishakimaliza!" "Mimba ngapi zimeenda na maji, mwambieni ahesabu." Staa mwenzake, naye jina kapuni, mama wa watoto watatu, akamalizia na vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Juzi mwigizaji akaingia laivu. Wambea wakajua ni kiki ya filamu mpya. Haikuwa kiki.

Alieleza miaka sita ya ndoa na hospitali. Maumivu chini ya kitovu, akapewa dawa za UTI. Damu kila baada ya tendo la ndoa, akapewa dozi ya magonjwa ya zinaa, akaambiwa amlete na mume naye anywe. Dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumbani amani ikaisha, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye kaleta uchafu. Mawifi wakaingia kati. Mpaka siku daktari mmoja alipomuuliza swali jepesi kabisa: "Ulikulia wapi?"

Alikulia kwa bibi yake, Usukumani. Maji ya kuoga yalikuwa ya lambo, nguo alifua lambo, na msimu wa mpunga alishinda jarubani maji yamefika magotini. Majibu yakaja: kichocho cha sehemu za uzazi.

Ndiyo, kichocho kilekile cha shuleni. Mtu mwenye minyoo hiyo anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinakua humo, kisha vinatoka kutafuta ngozi ya binadamu. Dakika chache za kusimama kwenye maji zinatosha. Minyoo ikishakomaa inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga kila siku. Mayai mengine yanatoka na mkojo, mengine yananasa kwenye uke, mlango wa kizazi, mirija, hata kwenye ovari. Hapo mwili unapambana nayo, panavimba, panatoka vidonda, panabaki makovu. Mirija ikiziba, mimba haishiki, au inatunga nje ya kizazi na kuhatarisha maisha ya mama.

Sasa wale waliohesabu mimba za watu, wahesabu na hii: WHO inakadiria wanawake na wasichana milioni 56 kusini mwa Sahara wana tatizo hili. Milioni 56! Hao nao wote walikuwa na "ujana mbaya"? Kichocho hakiambukizwi kitandani. Kuna waliokipata wakiwa na miaka saba, wanachota maji ya kupikia.

Na unafiki uko hapa. Mvulana akikojoa damu, kijiji kizima kinasema ana kichocho, apelekwe zahanati. Msichana akitokwa damu isiyoeleweka, anaulizwa alilala na nani. Mdudu ni yuleyule, maji ni yaleyale, ila mmoja anapewa kidonge na mwingine anapewa jina. Ndiyo maana wengi wanakaa kimya, na kimya hicho ndicho kinachoyapa mayai muda wa kuharibu kizazi.

Kimya hicho kinalipa pia. Kuna dada mmoja maarufu mtandaoni, wafuasi kibao, anauza "dawa ya kusafisha kizazi" ya kuweka ukeni, anaahidi mapacha. Hajui mteja ana nini, hajampima, ila hela anapokea kwa simu. Mwenye vidonda ndani anaongezewa mwasho juu ya vidonda, akija kulalamika anaambiwa "uchafu ndiyo unatoka, vumilia". Huo ni wizi, tena wa kumwibia mtu anayelia.

Wakati huohuo dawa ya kichocho ipo miaka mingi. Inaitwa prazikwanteli, ni vidonge, watoto wamekuwa wakigawiwa shuleni, wanapimwa urefu ili kujua idadi ya kumeza. Lakini ugawaji wa shuleni unamruka binti aliyeacha shule na mama anayelima mpunga. Mwaka 2022 WHO ilielekeza kwamba kwenye maeneo yenye maambukizi mengi dawa iwafikie watu wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Kazi ni kuifikisha lamboni, pamoja na maji safi na vyoo, maana anayemeza leo na kesho akarudi kwenye maji yaleyale anaanza upya.

Ukweli mwingine usifichwe: si kila asiyezaa ana kichocho, na tatizo linaweza kuwa kwa mwanaume. Vidonge vinaua minyoo, havifuti makovu ya zamani, kwa hiyo kuwahi ndiyo mpango. Kipimo cha mkojo kinaweza kutoka safi na bado mayai yapo ndani, hivyo mwanamke aliyekulia kwenye malambo ya Usukuma au vijito vya Unguja na Pemba amwambie daktari mapema kwamba aliogea maji hayo, na aombe kuangaliwa mlango wa kizazi. Haoni haya kusema alikuwa na malaria. Na hili ni hivyohivyo.

Mwigizaji alimaliza laivu bila kumtaja aliyemcheka. Alisema tu ana mdogo wake wa kike bado yuko kwa bibi, na wiki hii anaenda kumchukua akapimwe.

Yule staa wa vikatuni vya kucheka amefuta komenti yake. Kuomba radhi, bado.