Ushindani wa Mkono wa Kulia na wa Kushoto

Kuna ushindani ambao faida yake imekwisha kugawiwa kabla kengele haijalia. Ni ushindani wa pande mbili zenye mwenye mali mmoja. Pande hizo hutukanana hadharani, huvaa rangi tofauti na hunyang'anyana watu mbele ya umati. Lakini hesabu zinapofungwa jioni, fedha zote huingia katika kasha moja. Anayetaka kuuona ushindani wa namna hiyo waziwazi asianze na benki wala na vyama vya siasa. Aanze na mieleka ya kulipwa ya Marekani, na hasa desturi ya kampuni ya WWE ya kuwagawa upya wanamieleka wake kati ya vipindi viwili vinavyoitwa mahasimu: Raw, kikosi chekundu, na SmackDown, kikosi cha buluu.

Najua wapo watakaosema kuwa mhadhiri amekosa la kuandika. Mieleka hiyo ni maigizo, watasema, na mshindi hupangwa. Ni kweli. Mwaka 1989 kampuni yenyewe ililieleza Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, kwa kuwa ilitaka kuondokana na usimamizi wa mamlaka ya michezo ya jimbo hilo. Lakini nyuma ya pambano la kupangwa kuna ajira ya kweli, mikataba ya kweli na mifupa inayovunjika kweli. Maigizo hayo yanaficha uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, na uhusiano huo ndio unaonishughulisha hapa.

Tuanze na historia. Kati ya mwaka 1995 na 2001 palikuwapo ushindani usio wa maigizo. Upande mmoja ilikuwapo WWF ya Vince McMahon, na upande wa pili WCW iliyomilikiwa na tajiri wa televisheni Ted Turner. Vipindi vyao vilirushwa usiku uleule wa Jumatatu, na kila kimoja kilikusudia kukiua kingine. Katika miaka hiyo mwanamieleka aliyechoka upande mmoja aliweza kuvuka. Scott Hall na Kevin Nash walivuka mwaka 1996, na Bret Hart akavuka mwaka 1997. WCW iliwavutia watu kwa mikataba yenye malipo ya uhakika, na WWF ikalazimika kubadili namna yake ya kulipa. Wakuu wawili walipogombana kwa dhati, aliyekuwa katikati alipata bei.

Machi 2001 McMahon aliinunua WCW. ECW, kampuni ya tatu kwa ukubwa, nayo ilikuwa imefilisika. Ghafla mtu mmoja akawa na wanamieleka wengi kupita nafasi za televisheni alizokuwa nazo, na hakuwa tena na adui wa kuwauzia watazamaji. Suluhisho lake lilikuwa la kijanja: alitengeneza adui ndani ya nyumba yake. Tarehe 25 Machi 2002 ilifanyika drafti ya kwanza. Ric Flair alichagua kwa niaba ya Raw, na McMahon mwenyewe akachagua kwa niaba ya SmackDown. Kila upande ulichagua watu 10 mbele ya kamera, The Rock akienda SmackDown na Undertaker akienda Raw, na wengi wa waliobaki wakagawanywa kwa kilichoitwa bahati nasibu.

Hapa panahitaji tafakuri kidogo. Neno drafti limeazimwa kutoka ligi za michezo za Marekani. Katika ligi ya mpira wa kikapu ya NBA, kwa mfano, timu zina wenye mali tofauti, na timu dhaifu hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema ili nguvu zisawazike. Zaidi ya hayo, wachezaji wana chama chao, na kanuni zinazowahusu hutokana na majadiliano kati ya chama hicho na wenye timu. Wachezaji nao wana malalamiko yao juu ya utaratibu huo, lakini angalau wana meza ya kuyapeleka. WWE iliazima jukwaa, kadi, shangwe na machozi ya kuagana. Haikuazima wenye mali tofauti, wala haikuazima chama cha wachezaji. Lililobaki ni mwajiri anayehamisha watu wake kutoka chumba kimoja hadi kingine na kutuomba tushangilie uhamisho huo.

Faida za mpango huo zilionekana mapema. Kampuni yenye vikosi viwili iliweza kutuma misafara miwili katika miji miwili usiku mmoja na kuuza tiketi mara mbili. Pambano kati ya mtu wa Raw na mtu wa SmackDown likawa bidhaa adimu, hivyo likapandishwa bei. Kipindi kilichodorora kilisukumiwa nyota kutoka cha pili: Juni 2005 John Cena, akiwa bingwa, alihamishiwa Raw, na kabla mwezi haujaisha Batista, naye akiwa bingwa, akapelekwa SmackDown. Mwaka 2006 jina la ECW lilifufuliwa likawa kikosi cha tatu, kisha likazikwa tena mwaka 2010. Agosti 2011 mpaka ukalegezwa na wanamieleka wote wakaruhusiwa kuonekana Raw. Miaka mitano baadaye ukajengwa upya.

Drafti ya Julai 2016 ni ya kufundishia darasani. Kwa kuwa Raw ilirushwa kwa saa 3 na SmackDown kwa saa 2, Raw ilipewa watu 3 kwa kila 2 wa SmackDown. Yaani uwiano wa wapinzani ulipimwa kwa muda wa matangazo. Na mahasimu walioongoza vikosi hivyo walikuwa nani? Raw ilikabidhiwa kwa Stephanie McMahon na SmackDown kwa kaka yake Shane, watoto wa baba mmoja, naye baba ndiye mwenyekiti wa kampuni. Mtazamaji hakufichwa lolote. Alionyeshwa wazi kwamba ugomvi ni wa sebuleni, akaombwa achague upande, naye akachagua.

Mwaka 2019 ilionekana nani hasa anayechagua. Haki za kuirusha SmackDown zilikuwa zimeuzwa kwa Fox kwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa miaka 5, na Raw ilibaki USA Network. Katika drafti ya Oktoba mwaka huo kampuni iliigiza kana kwamba wakuu wa chaneli hizo mbili ndio wanaoteua. Pengine huo ndio ulikuwa mchezo wao mkweli kuliko yote. Siku chache kabla, tarehe 4 Oktoba, katika usiku wa kwanza wa SmackDown ndani ya Fox, bingwa alikuwa Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliyeusubiri mkanda huo kwa zaidi ya miaka 10 na kuutwaa Aprili mbele ya umati uliolia kwa furaha. Aliangushwa na Brock Lesnar kwa chini ya sekunde 10. Lesnar alikuwa sura inayofahamika kwa watazamaji wa ndondi mseto, aina ya watazamaji ambao chaneli mpya ya michezo ingewapenda. Mwezi uliofuata Lesnar akahamia Raw, na mkanda akaondoka nao.

Vijana wengi wa Kiafrika walioumia usiku ule walimlaumu Lesnar. Wengine waliwalaumu waandishi wa hadithi. Wachache waliuliza Kingston angekwenda kulalamika wapi. Jibu ni kwamba hapakuwa na mahali. Wanamieleka wa WWE huhesabiwa katika mikataba yao kuwa wakandarasi wa kujitegemea. Kwa maneno mengine, kisheria ni watu wanaojiajiri. Lakini mtu huyu anayejiajiri huambiwa avae nini, aitwe nani, ashindwe lini, na aende kikosi gani. Fundi seremala anayejitegemea hukataa kazi asiyoipenda. Mwanamieleka huyu akipelekwa Raw haulizwi.

Hapa nawaomba watumishi wa umma wasimame kidogo. Mnaujua uhamisho, na machungu yake mnayajua: barua inayofika katikati ya muhula na malipo yanayochelewa. Lakini mtumishi anapohamishwa ana waraka wa kushika, ana posho ya uhamisho anayoweza kuidai hata kwa miaka, na ana chama cha kumsemea. Malalamiko yenyewe ni ushahidi kwamba ipo haki iliyokiukwa. Katika ulingo wa WWE uhamisho umegeuzwa kuwa sherehe, na anayehamishwa hutakiwa atabasamu mbele ya kamera.

Jaribio la kuunda chama lilikuwapo. Mwaka 1986, karibu na WrestleMania ya pili, Jesse Ventura, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Minnesota, aliwahimiza wenzake waungane. Habari zilifika kwa McMahon. Miaka kadhaa baadaye, katika kesi ambayo Ventura aliifungua kudai malipo yake ya kanda za video, ilibainika kwamba aliyezipeleka alikuwa Hulk Hogan, nyota mkubwa kuliko wote. Kisa hiki kinafundisha zaidi ya vitabu vingi vya nadharia: aliyenufaika zaidi na mpangilio ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuulinda. Mwaka 2008 wanamieleka watatu wa zamani waliipeleka kampuni mahakamani kuhusu suala hili la ukandarasi. Kesi yao ikatupwa.

Haki inataka nitaje upande wa pili wa hoja. Wapo wasemao kwamba mgawanyo umewainua wengi ambao wangezeeka pembeni. Hilo siwezi kulikanusha. Eddie Guerrero alikuwa bingwa mwaka 2004 akiwa SmackDown, mahali ambapo kivuli cha nyota wa Raw hakikumfikia. AJ Styles alipata mkanda wa SmackDown miezi michache baada ya drafti ya 2016, na wanawake wakapata mkanda wa pili. Vyumba viwili vina viti vingi kuliko chumba kimoja. Lakini kiti ulichopewa na mwenye nyumba hukitunzi kwa haki yako, unakitunza kwa hisani yake. Guerrero na Styles walistahili. Hata hivyo, waliostahili vilevile na hawakuitwa hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mlango huo ulifunguka mwaka 2019 ilipoanzishwa AEW, kampuni yenye fedha za kutosha na mwenye mali wake mwenyewe. Mtazameni Dean Ambrose. Mwaka 2016 alikuwa bingwa aliyepelekwa SmackDown kwa drafti, bila kuulizwa. Aprili 2019 mkataba wake ulikwisha, akakataa kuendelea, na mwezi uliofuata akatokea AEW kwa jina la Jon Moxley, akieleza hadharani alivyochoshwa na maneno aliyoandikiwa ayaseme. Tangu hapo wengine wamevuka kwenda na kurudi: Cody Rhodes alirudi WWE mwaka 2022, CM Punk mwaka 2023, na wote wawili walipokewa kwa heshima ambayo mtu wa kuhamishwa hapewi. Mtu yuleyule, mwenye kipaji kilekile, hupata thamani tofauti siku anapoweza kusema hapana.

Ndiyo maana nasema somo la mieleka si la mieleka peke yake. Mahasimu wanapoletwa mbele yetu, iwe ni magazeti mawili, kampuni mbili za huduma, au makundi mawili ya wanasiasa wanaobadilishana wafuasi na viongozi kila msimu, yapo maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuvaa fulana ya upande wowote. Nani anamiliki pande zote mbili? Nani miongoni mwa wanaohamishwa anaweza kukataa? Na upande mmoja ukishindwa, kuna anayepoteza kitu nje ya wale walioanguka ulingoni? Tukikuta kwamba mwenye mali ni mmoja, kwamba hakuna wa kukataa, na kwamba mwenye mali hapotezi chochote, basi huo ni mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto, na sisi tumekuja kushangilia vidole.

Wanaharakati mara nyingi hutumia nguvu zao kuuliza nani ameteuliwa na nani ameachwa. Swali hilo lina mahali pake, lakini ni swali la mshabiki wa drafti. Nguvu nyingi zaidi ziende katika kuwapo kwa chama cha wafanyakazi, mkataba unaosomeka, na mwajiri wa pili ambaye si ndugu wa wa kwanza.

Tangu Januari 2025 Raw inarushwa na Netflix, kwa mkataba wa miaka 10 unaozidi dola bilioni 5, na SmackDown imerudi USA Network. Drafti nyingine zitakuja, maana chaneli zikibadilika watu nao hupangwa upya. Wanafunzi wangu, zitazameni, na msione haya kuzifurahia. Mchezo ni mzuri na wachezaji wake ni hodari. Ila wekeni daftari kando. Kila jina linapotajwa na umati unapolipuka, andikeni jina hilo, kisha mbele yake andikeni kama mtu huyo aliulizwa.