Pumzi ya Breki katika Gari la Dizeli

Likizo za shule zikifika, jamaa wengi wa pwani hukodi gari la abiria kwenda kuwazuru ndugu zao wa Mumias, Butula na Busia. Akina mama hushughulikia chakula cha njiani, nguo za watoto na zawadi za wenyeji. Habari ya gari huachiwa dereva. Juma hili twapenda kueleza kifaa kimoja kidogo cha gari la dizeli ambacho yafaa kila abiria akijue, kwani roho za walio ndani zimekitegemea.

Mguu wa mwanadamu peke yake ni dhaifu mno kulisimamisha upesi gari lililojaa watu. Kwa hiyo, baina ya pedali na silinda kuu ya breki huwekwa busta: chombo cha bati cha mviringo, mfano wa masufuria mawili yaliyofunikizana, chenye kiwambo katikati. Mguu ukiwa haujakanyaga, hewa huwa imefyonzwa pande zote mbili, na kiwambo hutulia. Dereva akikanyaga, vali hufunguka na hewa ya nje huingia upande mmoja tu. Hapo kani ya hewa hukisukuma kiwambo kuelekea upande ulio mtupu, nacho huusaidia mguu kusukuma mafuta ya breki. Kiwambo chenye upana wa sentimita 20 chaweza kuongeza nguvu inayozidi uzito wa kilo 200.

Je, hewa hiyo hufyonzwa na nini? Injini ya petroli kwa kawaida huwa na kilango kinachozuia hewa inayoingia. Injini ikivuta pumzi nyuma ya kilango hicho, ombwe hupatikana lenyewe. Injini ya dizeli aghalabu huvuta hewa bila kizuizi, hivyo haina ombwe la kutosha. Ndiyo sababu hutiwa pampu ya ombwe, ambayo mafundi huiita pampu ya vakyumu. Katika magari mengi ya Kijapani pampu hii imeshikamana na altaneta kwa nyuma. Katika mengine huzungushwa na kamshafti. Ndani yake mna vibao vyembamba vizungukavyo na kuifagia hewa kutoka katika busta, navyo hulainishwa na oili ya injini.

Hapa ndipo penye hatari. Pampu hufanya kazi injini inapozunguka tu. Kuna madereva wanaozima injini mteremkoni ili kubana dizeli. Vali ya njia moja huhifadhi ombwe kidogo, lakini akiba hiyo humalizika baada ya kukanyaga mara mbili au tatu. Kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Safari ya Butula hupitia mteremko wa Salgaa, uliojulikana kwa ajali za magari yaliyoachiwa yateremke bila gia. Isitoshe, hewa ya milimani ni nyepesi: penye kimo cha mita 2,000 kani yake hupungua kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa, na msaada wa busta hupungua vivyo hivyo.

Kabla watoto hawajapanda, mwombeni dereva afanye jaribio hili, lisilozidi dakika mbili. Injini ikiwa imezimwa na gari limefungwa handibreki, akanyage pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Aendelee kuikanyaga, kisha awashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isiposhuka, pampu, mpira wake, vali au busta ina kasoro, na gari lisiondoke mpaka fundi alitazame. Dalili nyingine ni mlio wa hewa kuvuja karibu na pedali, au oili kutapakaa kwenye altaneta. Oili ikipungua, vibao vya pampu hulika, na injini nayo huathirika.

Itokeapo pedali kuwa ngumu njiani, breki haijatoweka. Imepoteza msaidizi wake. Dereva aikanyage kwa nguvu zote bila kuachia, kwani kuachia na kukanyaga tena humaliza akiba iliyobaki. Aingize gia ndogo, na atumie handibreki polepole.

Tusichanganye jambo hili na malori makubwa yapangayo foleni Busia na Malaba yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Mengi ya hayo hutumia breki za upepo, ambazo kazi yake hufanywa na hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi, si kwa ombwe.

Mama akaaye nyuma na mtoto mapajani ana haki ya kuuliza habari za breki, na ana haki ya kumwambia dereva asizime injini mteremkoni. Hilo si kumvunjia heshima, bali ni kuilinda amana. Kumtegemea Mola hakukumwondolea msafiri wajibu wa kumfunga ngamia wake.