Daftari langu na namba ya herufi

Ndugu wasikilizaji wa Bukavu, na ninyi familia mliokimbia makwenu mnaotufuata kwa simu, leo niseme juu ya maandishi ya mkato. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunayaita stenografi. Watanzania wanasema hatimkato, na huko matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini yamekuwa yakidai maneno 80 au 100 kwa dakika moja.

Ndani ya simu kila herufi ina namba. A ni 65, iwe Kadutu au Japani. Orodha ya namba hizo inaitwa Unicode. Alama isiyokuwemo, utaipiga picha tu. Huwezi kuiandika kwenye ujumbe wala kuitafuta.

Mwaka 2014 orodha hiyo ilipokea mkato wa Émile Duployé, padri Mfaransa wa karne ya 19. Alama 143! Kuna atakayeuliza: maandishi ya marehemu, ya kazi gani? Mimi nawatetea waliohangaikia jambo hilo. Kule Kamloops, Kanada, padri Le Jeune alianza mwaka 1891 kutoa gazeti la Kamloops Wawa kwa mkato huo, katika Chinook, lugha ya biashara kati ya makabila mengi, kama Kiswahili chetu kwenye njia za misafara. Wenyeji walijifunza kusoma kwa alama hizo, wakaandikiana barua. Leo kitukuu anaweza kunakili barua ya babu yake kwenye kompyuta, alama kwa alama, na mtu wa mbali akaisoma. Mkato wa Pitman, wa Waingereza, bado haumo. Ule hutofautisha sauti kwa unene wa mstari.

Na mimi nina mkato wangu wa kujibunia. Nikikaa na mama aliyekimbia kutoka Kalehe naandika mbio: duara ni mtoto, mstari chini yake ni kwamba amepotea. Juzi nilifungua daftari la zamani nikakuta maduara mawili, moja lina mstari, bila jina. Sauti ya mama yule naikumbuka, hata mvua iliyokuwa ikipiga turubai. Jina la mtoto, hapana.

Wenzangu wa redio, nanyi mnaoandikisha wakimbizi: maneno yakateni mnavyotaka, lakini jina la mtu liandikwe lote, pamoja na kijiji. Na ukurasa wa mwisho uonyeshe maana ya kila alama. Wangu nimeuanza jana. Alama tatu sizitambui tena.