Saa ya fahari ina nasaba, dhahabu yake haina

Mwezi Novemba 2016, mjini Geneva, saa ya mkono ya Patek Philippe aina ya 1518 ilinadiwa kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Ni kronografu: saa ya mitambo isiyotumia betri, yenye vifungo ubavuni vya kuanzisha na kusimamisha mshale wa kupimia muda. Ajabu ni kwamba haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma cha pua, na za chuma zinazofahamika ni nne tu, ilhali za dhahabu zilitengenezwa zaidi ya mia mbili.

Mwaka uliofuata, Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, nayo ya chuma, iliuzwa New York kwa dola milioni 17.75. Kilicholipiwa hapo ni historia. Mkusanyaji wa saa hizi hutaka kujua mwaka ilipotengenezwa, aliyeivaa, hata kama kifungo kimoja kiliwahi kubadilishwa. Patek Philippe hutoa dondoo ya kumbukumbu zake yenye tarehe ya kutengenezwa na ya kuuzwa kwa saa husika.

Hata hivyo, saa nyingi za fahari ni za dhahabu, na kuhusu dhahabu yenyewe hakuna anayeuliza kwa ukali kama huo.

Swali hilo lina uzito wa pekee Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu unaopakana na Goma nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba dhahabu ya mashariki mwa Congo huvushwa kwa magendo hadi nchi jirani, zikiwemo Rwanda na Uganda, kisha husafirishwa hasa Dubai. Serikali ya Rwanda imekuwa ikikanusha tuhuma za kunufaika na madini ya Congo. Tangu waasi wa M23 walipoitwaa Goma mwishoni mwa Januari 2025, mvutano huo umezidi. Tarehe 17 Machi mwaka huo Umoja wa Ulaya uliuwekea vikwazo mtambo wa kusafishia dhahabu wa Gasabo, ulioko Kigali.

Ugumu umo katika dhahabu yenyewe. Koltani husafiri kwa magunia, na gunia laweza kufungwa lebo. Kilo moja ya dhahabu ni ndogo kuliko simu ya mkononi. Ikishayeyushwa pamoja na nyingine, ya Ituri haitofautiki na ya Ghana, wala na bangili kuukuu ya bibi harusi. Makampuni makubwa ya saa hujibu kwamba hununua kwa wasafishaji waliokaguliwa. Yamkini ni kweli, lakini ukaguzi huo hutegemea karatasi za aliyeuza kabla.

Sheria nazo zina mwanya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu madini ya maeneo ya vita, inayotumika tangu Januari 2021, inawabana waagizaji wa dhahabu inayozidi kilo 100 kwa mwaka, na inahusu madini na metali tu. Bidhaa iliyokamilika haimo. Maadamu dhahabu imekwisha kuwa saa, forodha ya Ulaya haiwajibiki chini ya kanuni hiyo kuuliza ilichimbwa wapi, ilhali mchuuzi wa nyanya anayevuka mpaka kati ya Gisenyi na Goma hawezi kupita bila kuonyesha hati.