Beki si nafasi ya aliyebaki

Nimesoma makala inayodai kwamba kijana wa Kwale anayecheza beki anapoteza ujana wake, kwa kuwa pesa iko kwa wafungaji. Nakataa, tena nakataa kabisa.

Joseph Okumu alizaliwa Kisumu, si Paris. Alicheza Chemelil Sugar, akapitia Afrika Kusini na Marekani. Mwaka 2019 akaenda na Harambee Stars kwenye AFCON kule Misri, na mwaka huohuo Elfsborg ya Sweden ikamchukua. Baadaye Gent, kisha Reims ya Ufaransa mwaka 2023. Kazi yake ni beki wa kati. Na Rafael Márquez wa Meksiko? Beki huyo alikuwa nahodha wa nchi yake katika Kombe la Dunia mara 5, kuanzia 2002 hadi 2018, na akiwa Barcelona alitwaa Ligi ya Mabingwa 2006 na 2009.

Ubovu uko kwetu tunaopanga timu. Nenda Diani jioni maji yakipwa, au kiwanja chochote cha Msambweni. Wawili wanachagua wachezaji, anayebaki mwisho anaambiwa, "Wewe kaa nyuma." Nyuma pamekuwa jalala. Nimemwona mtoto, miguu mitupu, akiunyang'anya mpira bila faulo, akainua kichwa, akatoa pasi safi. Hakuna aliyepiga makofi. Kocha alikuwa akimfokea mshambuliaji.

Mtoto yule anahitaji mwalimu wa kumfundisha kusimama, kusoma mchezo na kuwapanga wenzake kwa sauti. Mwandishi anamwambia ahame nafasi.