Viroba vya Mchanga: Kinga ya Kaya Dhidi ya Mafuriko na Mipaka Yake

Na Mwandishi Wetu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotangaza mwelekeo wa mvua za Masika au za Vuli, katika mitaa ya mabondeni na kandokando ya mito huonekana jambo lilelile: viroba vilivyokuwa na unga, mchele au saruji hukusanywa, hujazwa udongo na kupangwa milangoni. Kwa kaya nyingi hiyo ndiyo kinga pekee iliyo ndani ya uwezo wake. Ikiandaliwa vizuri na mapema, huokoa godoro, vyeti vya watoto na akiba ya chakula. Ikiandaliwa vibaya, au ikitegemewa kupita kiasi, inaweza kumfanya mtu abaki ndani ya nyumba aliyopaswa kuihama.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za msimu wa mvua wa 2023/2024. Tarehe 25 Aprili, 2024, aliyekuwa Waziri Mkuu, Mhe. Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge jijini Dodoma kuwa mvua hizo zilizoambatana na El Niño zilisababisha vifo vya watu 155 na kujeruhi wengine 236, huku kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zikiathirika. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kilitishia pwani ya nchi na kuongeza mvua katika maeneo ambayo ardhi yake ilikuwa tayari imelowa.

Ili kuelewa kiroba kinaweza nini, ni vyema kwanza kuelewa nguvu ya maji yaliyotuama. Maji yenye kina cha nusu mita husukuma kila mita moja ya ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 125. Kina kikifika mita moja, nguvu hiyo haiongezeki mara mbili tu, bali mara nne, hadi takriban kilo 500. Ndiyo maana kizuizi kilichostahimili maji ya magotini kinaweza kuporomoka ghafla maji yanapofika kiunoni. Kazi ya viroba ni kuelekeza na kupunguza maji ya kina kifupi, hususan yale yanayotiririka kutoka barabarani au kwenye mfereji uliofurika. Haviwezi kushindana na mto uliovunja kingo zake.

Ufundi wa kuvipanga ni rahisi, lakini una kanuni zake. Kiroba hakijazwi hadi mdomoni. Hujazwa nusu, au theluthi mbili kwa kiwango cha juu, ili kilale bapa na kuziba nafasi kati yake na kilicho jirani. Kiroba kilichojaa sana huwa kigumu kama gogo na huacha matundu ya kupitisha maji. Mdomo wake hukunjwa chini ya kiroba chenyewe na kuelekezwa upande yanakotoka maji, ili uzito wa udongo uufunge. Tabaka la pili hupangwa kama tofali, kila kiroba kikifunika maungio ya viwili vya chini, kisha hukanyagwa au kupondwa ili kishikamane na vingine.

Pale kizuizi kinaposimama chenyewe bila kuegemea ukuta, upana wa kitako chake unapaswa kuwa takriban mara tatu ya kimo chake. Kizuizi cha sentimita 30 kwenda juu kinahitaji kitako cha sentimita 90. Kwa vipimo hivyo, kila mita moja ya urefu huhitaji takriban viroba 20. Hivyo, lango la upana wa mita tatu linahitaji viroba 60. Kila kimoja kikiwa na kilo 15 hadi 20, huo ni mzigo wa karibu tani moja ya udongo. Turubai au nailoni nzito ikitandikwa upande wa maji na kukandamizwa kwa viroba chini na juu, upenyaji wa maji hupungua kwa kiasi kikubwa.

Hesabu hiyo ina funzo moja kubwa: tani moja ya udongo haichotwi usiku wa manane huku mvua ikinyesha. TMA hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano, ukiwa na viwango vitatu vya Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, vinavyooneshwa kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Kaya inayoanza kujaza viroba katika hatua ya Angalizo ina muda wa kusaidiana na majirani na kumpangia mzee au mgonjwa mahali pa kwenda. Kaya inayosubiri maji yafike barazani haina muda huo.

Suala la mahali pa kuchota udongo halipaswi kupuuzwa. Mchanga, au udongo uliochanganyika na mchanga, hufaa zaidi. Taka na vifusi vyenye ncha havifai kwa kuwa huacha mianya na kuchana mfuko. Hata hivyo, yapo maeneo ambako wananchi huchota mchanga katika kingo za mto uleule wanaojikinga nao. Kitendo hicho hulegeza ukingo, hupanua mto na kuusogeza karibu zaidi na makazi. Hapo kiroba kinachoilinda nyumba msimu huu kinakuwa sababu ya nyumba hiyo kumong'onyoka msimu ujao.

Jambo jingine ni ujirani. Maji yakizuiwa katika lango moja hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa jirani aliye chini zaidi. Kizuizi kilichowekwa bila makubaliano, au kilichoziba mfereji wa barabara, huhamisha hasara badala ya kuipunguza. Ndiyo maana hatua hizi hufaa zaidi zikipangwa katika ngazi ya mtaa au kijiji, chini ya kamati za maafa zinazotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na zikiambatana na kazi isiyohitaji kiroba hata kimoja: kuzibua mitaro na kuacha kutupa taka ndani yake.

Baada ya maji kupungua, viroba hubeba hatari nyingine. Katika makazi yanayotumia vyoo vya shimo, maji ya mafuriko huchanganyika na majitaka, na udongo uliolowa maji hayo haupaswi kuwa mchezo wa watoto wala kurudishwa bustanini. Aidha, mifuko ya sandarusi ikiachwa juani kwa miezi huchakaa na kuchanika inapoguswa. Viroba vya msimu uliopita vikaguliwe kabla ya kutegemewa tena.

Mipaka ya kinga hii ilidhihirika wilayani Hanang, Mkoa wa Manyara, tarehe 3 Desemba, 2023, tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka mlimani na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh. Hakuna idadi ya viroba inayoweza kuzuia mporomoko wa aina hiyo. Vivyo hivyo, katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliwalazimu wakazi wengi kuhamishiwa Mabwepande, suluhisho la kudumu limetafutwa katika upangaji upya wa bonde lenyewe. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaotekelezwa kwa fedha zinazojumuisha mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 200, unahusisha kuhamisha wakazi walio katika hatari, kuimarisha mto na kujenga daraja jipya la Jangwani.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mara nyingi kipimo hicho hutazamwa kama kikwazo kwa mwenye kiwanja, ilhali ndiyo kinga ambayo kiroba hujaribu kuifidia baada ya kuvunjwa.

Kwa hiyo, viroba vina nafasi yake: kununua muda na kuokoa mali pale maji yanapokuwa ya kina kifupi. Muda huo utumike ipasavyo. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, nyaraka ziwekwe juu, na mamlaka zinapoelekeza watu kuhama, kizuizi kiachwe kilivyo. Anayehitaji uokoaji apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nyumba inaweza kujengwa tena. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari kubwa kuliko zote ni kuondoka mapema.